Spiridon hapigi honi, hugonga kioo

Ni saa mbili na nusu asubuhi na giza bado limekaa. Spiridon Neustroev amesimama katikati ya yadi ya magari ya abiria, pembezoni mwa Yakutsk, ameinua uso juu. Kipimajoto kilichopigiliwa mlangoni mwa ofisi kinasema hamsini na mbili chini ya sifuri, lakini hakiangalii. Anaangalia moshi wa dohani.

Moshi unapanda wima, haukatiki wala haupindi. Hakuna upepo. Hiyo ni habari njema, kwa maana baridi peke yake huvumilika, lakini ikishikana mkono na upepo inaua.

Hata hivyo haondoki. Injini ya gari lake inanguruma tangu Oktoba, haijazimwa hata siku moja, maana ikiganda haiwaki tena. Ndani wamo abiria watatu, wamejifunga mablanketi, na mmoja wao ameshauliza mara mbili tunangoja nini. Spiridon amemjibu kwa upole uleule mara zote mbili: anamngoja mwenzake.

"Chini ya hamsini sitoki peke yangu," anasema. "Nitukane, nenda kanishtaki, sitoki. Magari mawili au kitandani."

Ana miaka hamsini na sita, na ishirini na tisa kati ya hiyo ameimalizia kwenye barabara ya kilomita mia saba inayokwenda mashariki, kijijini Ebe-Kyuel. Anaendesha gari la Kirusi lenye umbo la boflo, ambalo kila mtu huku huliita Mkate. Ndani amelipigilia blanketi nene la manyoya, na kila dirisha amelibandika kioo cha pili kwa gundi. Nyuma kuna jiko dogo la bati na kuni za usiku mmoja.

Nauli ni rubli elfu sita kwa kichwa. Januari iliyopita alisafiri mara nne tu, kwa sababu siku nyingine zote alisema hapana. Mkewe alimwambia kwamba hapana hailiwi. Spiridon alikubali kwamba hailiwi, akaendelea kuisema.

Hakuwa hivi tangu zamani. Zamani alikuwa mtu wa kuondoka tu.

Miaka minane iliyopita, saa sita mchana, alikuwa anarudi mjini akiwa na gari limejaa. Kwenye kilomita ya mia tatu na hamsini aliona lori la majani makavu limeegeshwa kando. Akalitambua: la Nikifor, rika lake, waliyesoma naye darasa moja. Injini ilikuwa inanguruma na moshi mweupe unafuka nyuma. Spiridon akapiga honi, hakujibiwa, akapita.

Mtu yeyote wa huku angepita. Gari lililo kimya barabarani hakuna anayeliacha, hata kama ndani yumo adui yako. Lakini gari linalonguruma ni mtu mzima anayepumzika, na kumwamsha ni utovu wa adabu.

Nikifor hakuwa amepumzika. Moyo ulikuwa umemsaliti. Mafuta yalikwisha jioni, injini ikanyamaza, na ndipo gari la kwanza likasimama. Daktari alisema mchana ule alikuwa bado yu hai.

"Alinisikia nikipiga honi," anasema Spiridon. "Hilo ndilo linanila. Alinisikia nikipiga honi, halafu akanisikia nikienda zangu."

Mjane wa Nikifor ni Matryona Krivoshapkina, mwenye mkahawa wa pekee katikati ya njia, kilomita ya mia tatu na tisini. Spiridon hana namna ya kumkwepa. Mwaka mzima Matryona alimwekea supu ya nyama ya farasi mezani bila kumtazama usoni. Mwaka wa pili akamtazama na kumuuliza swali ambalo sasa humuuliza kila dereva anayeingia, kabla hata hajavua kofia: umegonga vioo vingapi?

Tangu hapo Spiridon hapigi honi. Husimama, hushuka, hugonga kioo.

Mwezi uliopita, Jumanne moja kama hii, desturi hiyo ilipimwa.

Asubuhi ile kipimajoto kilisoma hamsini na nne. Dereva aliyekuwa aongozane na Spiridon alipiga simu kwamba mkanda wa injini yake umekatika vipande viwili kama biskuti. Spiridon akawatangazia abiria kwamba safari imeahirishwa hadi kesho. Walinung'unika, wakachukua mizigo yao, wakaenda makwao. Mmoja hakwenda.

Alikuwa Fevronia Gotovtseva, mwanamke wa miaka thelathini na nane, dereva wa gari la kusambazia mikate la kiwanda kimoja cha mjini. Baba yake, mzee Egor, alifariki Jumamosi huko Ebe-Kyuel. Tangu Jumapili wachimbaji walikuwa wanawasha moto juu ya ardhi ili iyeyuke, wanachimba kiasi cha shubiri, wanawasha tena. Mazishi yalikuwa Jumatano, saa sita mchana. Kwao kaburi likishakamilika halilali wazi. Likifika kina chake siku hiyo, basi siku hiyohiyo mtu anazikwa, aliyekuja kaja na asiyekuja hakuja.

Fevronia hakulia wala hakubembeleza. Alisema kwamba alimwona baba yake mara ya mwisho miaka mitatu iliyopita, kwamba waliagana vibaya kwa ajili ya jambo la kijinga, farasi aliyeuzwa, na kwamba anataka kumtupia udongo kwa mkono wake.

Spiridon akamwambia pole. Akamwambia pia kwamba hatoki.

Hapo ndipo Erchim alipojiingiza. Erchim ni kijana wa miaka ishirini na tisa, ana gari dogo la Kijapani lenye usukani wa kulia, wakati magari ya huku yana wa kushoto, na siku hiyo lilikuwa limesheheni makreti ya machungwa ya duka la Ebe-Kyuel. Machungwa hayangoji. Alikuwa anaondoka, peke yake, na kiti cha mbele kilikuwa kitupu.

"Dada, panda kwangu," alisema. "Elfu kumi na tano na kesho asubuhi uko kwenu. Huyu mwache, siku hizi amekuwa bibi kizee. Akiona theluji anatafuta soksi."

Madereva wakacheka. Fevronia akainua begi lake.

Spiridon anasema katika maisha yake yote hajapata kufikiri haraka namna ile. Alilitazama gari la Erchim: halina jiko, halina kuni, dirisha la nyuma kioo kimoja. Akaelewa kwamba hapana yake haimwokoi mtu. Akikataa, mwanamke anaondoka vilevile, ila anaondoka na Erchim, gari moja, kilomita mia saba.

Na akitoka naye yeye, bado ni gari moja. Basi, na hesabu hii ilimchoma, lililobaki lilikuwa kumwomba mtu aliyetoka kumwita bibi kizee mbele ya yadi nzima.

Akamwendea. Akamwambia kama anaondoka kwa vyovyote, waondoke wote wawili, dada apande kwenye Mkate wenye jiko, na yeye Erchim aongoze au afuate, achague mwenyewe.

"Ee, kumbe bibi anaomba kushikwa mkono?" akauliza Erchim.

"Ndiyo," akasema Spiridon. "Nishike."

Hakuna aliyecheka. Erchim akakuna shingo, akasema sawa, mradi wasimcheleweshe. Kabla ya kuondoka Spiridon alimpigia Matryona kumwambia wametoka magari mawili, watu watatu, saa tatu na robo. Matryona huandika kila kitu ukutani kwa chaki, na usipofika anatuma watu kukufuata.

Kwenye mto ulioganda, ambako barabara hupita juu ya barafu, walifungua mikanda na kuacha milango wazi kidogo, kama ilivyo ada, ili barafu ikipasuka waruke. Ng'ambo ya pili ulikuwa ukungu wa baridi, mzito, taa haziendi mbali. Waliendesha polepole. Fevronia alikaa mbele, mikono mapajani, macho kwenye saa.

Gari la kwanza walilolikuta limeegeshwa, linanguruma, Spiridon alisimama, akashuka, akagonga. Dereva alikuwa anakula. La pili mwenyewe alikuwa anaongea na simu iliyokosa mtandao, akijirekodi ujumbe wa kuutuma baadaye. Kila kusimama kulikula dakika saba, nane, maana huwezi kushuka kwenye nyuzi hamsini bila kujifunga kila kitu upya.

La tatu lilikuwa lori kubwa la mafuta. Erchim, aliyekuwa mbele, alilipigia honi akapita. Walikuwa wamekubaliana kwamba akitangulia atangoja. Spiridon akaanza kupunguza mwendo.

"Kaka," Fevronia akasema, "moshi ule unauona?"

"Nauona."

"Mtu mzima yumo ndani amelala. Baba yangu anafukiwa kesho, na wewe unaamsha watu usingizini."

Spiridon alisimamisha gari. Alishuka, akagonga. Dereva wa lori akateremsha kioo, akamtukana yeye, mama yake na aliyeliunda gari lake, akapandisha kioo. Spiridon akarudi anatabasamu. Anasema hakuna muziki unaompendeza kama huo, kwa sababu maiti haitukani.

Fevronia hakutabasamu. Hakusema naye tena kwa nusu saa nzima.

Ilikuwa inakaribia saa kumi, jua linaondoka, walipoliona gari la Erchim. Lilikuwa limeegeshwa pembeni, limerudishwa kinyumenyume hadi kwenye ukingo wa theluji ili lisiwe njiani, taa za mbele zinawaka. Injini ilisikika. Alikuwa anawangoja kama alivyoahidi.

"Mwite tu kwa honi atufuate," Fevronia alisema. "Huyu tunamjua."

Na hapa Spiridon anakiri jambo ambalo hajamwambia mkewe. Alipiga honi. Baada ya miaka mingi ya kutopiga, aliona haya kwa mwanamke yule, akachoka na ule ukimya wake, akapiga honi mara mbili na mguu ukabaki kwenye mafuta. Wakalipita gari la Erchim kwa hatua kama ishirini.

Alilitazama kwenye kioo cha pembeni. Taa ziliwaka, halikusogea. Ndipo akaona kilichokosekana. Moshi haukuwepo. Kwenye baridi ile gari linalonguruma huvuta nyuma yake wingu zima jeupe, na nyuma ya gari la Erchim hapakuwa na kitu.

"Hana moshi," akasema.

Fevronia huendesha gari kila siku ya maisha yake. Hakuhitaji kuelezwa zaidi. Mkate haukuwa umesimama sawasawa alipokuwa ameshafungua mlango na kukimbia, bila glavu.

Erchim alikuwa amerudi nyuma mno. Bomba la moshi lilikuwa limezama kwenye theluji iliyoshikana, na hewa chafu yote ilikuwa inarudi ndani. Madirisha yamefungwa, blanketi limeziba kila upenyo. Fevronia aligonga kioo. Akagonga tena. Mlango ulikuwa umeganda. Waliuvuta wote wawili, mguu mmoja ukiegemea ubavu wa gari, mpaka ukaachia.

Alikuwa ameegemea usukani, uso mwekundu kama ametoka kuoga maji moto, mdomo wazi. Walimburuta nje. Spiridon alimpiga makofi ya mashavu huku akimwita kwa jina la baba yake, na baridi ileile iliyokuwa tayari kuwaua wote ikamwingia mapafuni ikamwamsha. Akakohoa. Akatapika kwenye theluji. Wakambeba hadi kwenye Mkate, karibu na jiko.

Neno lake la kwanza lilikuwa, "Machungwa."

"Machungwa yako ni mazima," akasema Spiridon, ambaye hakujua kama ni mazima. "Pumua."

Nje, Fevronia alikuwa amepiga magoti nyuma ya gari, anafukua theluji kwa mikono mitupu mpaka bomba likaonekana na wingu jeupe likaruka. Vidole viwili vya mkono wake wa kushoto hadi leo havina hisia nzuri. Alifungua milango yote hewa ibadilike, akayafunika makreti kwa koti lake mwenyewe. Kreti moja tu liliganda.

Sasa palikuwa na magari mawili na madereva wawili, lakini mmoja wao alikuwa abiria. Erchim hakuweza hata kushika kikombe. Kulizima gari lake na kuliacha pale ni kuliaga mpaka Aprili. Fevronia ndiye aliyenyoosha mkono.

"Nipe funguo," alimwambia Erchim.

"Usukani uko kulia, dada."

"Nimeuona."

"Usilikwaruze."

Waliingia kwa Matryona saa moja na nusu, saa mbili nyuma ya muda wao. Swali lilikuwa lilelile. Spiridon akasema vinne, kisha akasema ukweli, kwamba cha nne alikipigia honi kwanza. Matryona akamwekea supu, akakaa mbele yake mpaka akaimaliza, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

Kichwa cha Erchim kilikuwa kinapasuka, na ukungu ulikuwa umeshuka hadi mlangoni. Spiridon alisema hawatoki kabla ya asubuhi. Fevronia alielewa maana yake: wakitoka alfajiri watafika saa tisa, na mazishi ni saa sita. Matryona akapiga simu Ebe-Kyuel, akaongea na mzee Semyon, mdogo wa marehemu na msimamizi wa wachimbaji. Akamweleza kilichotokea njiani. Semyon alisikiliza, akauliza kama kijana atapona, akasema amesikia, akakata simu. Hakuahidi lolote.

Fevronia hakugombana na mtu. Spiridon anasema angeona afadhali angegombana.

Alfajiri waliondoka, Spiridon kwenye Mkate, na Erchim amelala nyuma karibu na jiko. Fevronia alifuata na gari la machungwa. Njiani waligonga vioo viwili. Mara zote mbili yeye ndiye aliyeshuka kwanza, ilhali saa sita ilikuwa imeshawapita.

Kufikia saa tisa walikipanda kilima cha mwisho. Kijiji kilikuwa kimya, dohani zote zinafuka. Makaburi yako upande wa pili, juu. Fevronia aliwasha taa mara mbili, akasimamisha gari katikati ya barabara, akashuka. Spiridon naye akashuka kuona kuna nini.

Alikuwa anaonyesha kwa kidole. Kule makaburini palikuwa na moshi.

Semyon na wachimbaji wake wanne walikuwa wamesimama kuzunguka moto, ndevu zimeganda. Walichimba tangu asubuhi mpaka kilipobaki kimo cha goti, wakaacha. Kaburi ambalo halijafika kina si kaburi, ni shimo tu, na shimo halina masharti. Wakaketi kuchochea moto ardhi isiwafungie.

"Umechelewa," Semyon alimwambia binti wa kaka yake.

"Nimechelewa, baba mdogo."

"Baba yako naye alikuwa hivyohivyo. Haya, shikeni majembe, bado kuna mwanga."

Fevronia alitupa udongo wa kwanza, kwa ule mkono wenye vidole viwili vibovu. Alimwambia baba yake jambo la yule farasi, kwa sauti, mbele ya watu wote, na wote waliangalia pembeni. Erchim alilia kuliko mtu yeyote, na hakuwahi kumjua mzee Egor. Jioni aligawa kreti moja la machungwa kwa kila nyumba iliyotoa mchimbaji, na lile lililoganda akalichukua mwenyewe.

Leo Erchim ndiye kelele kubwa yadini. Huwapigia madereva wenzake makelele wapime urefu wa theluji kabla ya kurudi nyuma. Wanamwita bibi kizee, naye anaitika.

Spiridon ana mpango. Kuna Mkate mkuukuu unauzwa karibu na soko, mwili umechoka lakini injini ni nzima, na ameanza kuzungumza na mwenye gari. Angependa baridi ijayo kila siku yatoke magari mawili, ratiba ijulikane, mtu mwenye msiba asianze kubembeleza mlango hadi mlango. Dereva wa gari la pili ameshampata, ila bado ana kazi kiwandani na huja siku zake za mapumziko tu, na gari la kuazima.

"Sitafuti anayejua kuendesha," anasema. "Wanaojua wamejaa. Natafuta atakayegonga hata akiwa na haraka."

Saa tatu kasoro dakika tano, gari jeupe la mikate linaingia yadini likiburuta wingu lake. Fevronia anashuka. Hawasalimii abiria, wala hamtazami Spiridon aliyekwisha panda na kufunga mlango. Anazunguka hadi nyuma ya Mkate, anainama, anaweka kiganja mbele ya bomba la moshi, anatikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha anakuja ubavuni na kugonga kioo mara tatu.

"Uko hai, kaka?"

"Niko."

"Basi twende."